Unyayo wa Mwizi wa Kabichi

Mwaka 2019, miaka miwili baada ya kumaliza kidato cha nne na kupata cheti ambacho mpaka leo kimelala sandukuni kwa mama, nilinunua kauntabuku ya kwaya nne nikaanza kuandika riwaya ya upelelezi. Nilikuwa nimetoka kusoma Mzimu wa Watu wa Kale wa Muhammed Said Abdulla, na Bwana Msa alikuwa amenikaa kichwani, jinsi anavyotulia na kiko chake akatazama kitu kidogo ambacho wenzake wote wamekipita. Nikasema, na sisi wa Usambara tumpate wetu. Kisa changu kilihusu mwizi wa kabichi. Usicheke, msomaji. Kwetu huku juu ya Magamba, njia ya kwenda Lukozi, kabichi ndiyo ada ya shule, ndiyo bati la nyumba, ndiyo mahari. Mtu akiingia bondeni usiku akakata viroba kumi, hakuiba mboga huyo, kaiba mwaka mzima wa mwenzake.

Mpelelezi wangu alikuwa amkamate mwizi kwa unyayo. Nikataka niueleze unyayo huo sawasawa, nisibahatishe. Asubuhi moja baada ya mvua nikatoka pekupeku, nikakanyaga udongo mwekundu pale mbele ya jiko, nikachuchumaa nikauchora kama nilivyouona. Kisigino, duara. Mbele yake hakuna kitu, nafasi tupu ya kutosha vidole vinne. Kisha ukanda wa mbele ya mguu, umezama sana, hasa chini ya dole gumba. Kisha vidole, vimechimba kama kucha za kuku anayetafuta mchwa. Nikaandika kwa wino: "Ulikuwa unyayo wa kawaida wa mtu mzima, usio na alama yoyote ya kumtambulisha mwenyewe."

Msomaji wangu wa kwanza alikuwa rafiki yangu mmoja, kinyozi. Aliisoma sura ile mashine kaizima, mteja kanyolewa nusu kichwa. Alipofika kwenye unyayo akacheka mpaka akaegemea kioo.

"Wa kawaida? Huyu mwizi wako ni mtu au ni paa?"

Nikamwambia hajui fasihi. Hakunijibu. Alivua ndala, akatoka nje, akakanyaga tope la uchochoroni. Unyayo wake ulikuwa na daraja: kipande kipana upande wa nje kilichounganisha kisigino na mbele. Akamwita mteja, naye akatoka na shuka lake shingoni, akakanyaga. Daraja. Akaitwa muuza chipsi, akaitwa na mtoto wa jirani. Wote daraja. Nikakanyaga mie. Vipande viwili, kama vile mtu kaukata unyayo kwa panga akaondoka na katikati.

"Basi kesi imekwisha," akasema kinyozi. "Mwizi wa kabichi ni wewe."

Riwaya ile sijaimaliza. Lakini upelelezi haukuishia pale.

Nilianza kukumbuka mambo. Shuleni raba zangu ziliisha upande wa nje tu, zikilika kama sabuni iliyosahauliwa majini, na upande wa ndani bado mpya. Mama alinunua jozi tatu kwa mwaka ambao wenzangu walivaa moja. Chini ya dole gumba na chini ya kidole kidogo nina sugu ngumu ambazo baba alikuwa anazikata kwa wembe jioni, akikata na zake. Kifundo cha mguu kilikuwa kinateguka ovyo ovyo, njia nzuri, hakuna jiwe, naanguka kwa nje kama meza iliyolegea mguu mmoja. Kwenye mchakamchaka wa asubuhi nilikuwa wa mwisho siku zote, na mwalimu mmoja, ambaye simtaji, aliamini kwamba fimbo inaongeza mwendo. Nilichapwa kwa uvivu. Na mimi nilikubali kwamba ni mvivu. Ukiambiwa jambo tangu kidato cha kwanza mpaka cha nne, unaanza kulitetea mwenyewe.

Sasa nimeshajifunza kidogo, acha nieleze. Mguu wa binadamu, kutoka kifundoni kushuka chini, una mifupa 26. Mifupa hiyo haikulala chini yote. Imepangwa kama tao, na chini ya tao kuna uwazi ambao mie nauita mvungu, kama mvungu wa kitanda. Unapokanyaga, tao linashuka kidogo, linapokea uzito, kisha linarudi juu. Wako watu ambao tao lao limelala kabisa, hao tunawajua, unyayo wao ni kama wa bata. Na wako wa upande wa pili, ambao tao limepanda juu mno na halishuki. Mguu wa namna hiyo haunyumbuliki. Uzito wote wa mtu, pamoja na kiroba cha karoti alichokibeba, unakwenda sehemu mbili tu, kisigino na mbele. Hapo ndipo panapoota sugu, hapo ndipo panapouma jioni. Vidole navyo vinajikunja kutafuta pa kushika. Na kwa kuwa kisigino kimeinamia ndani, mwili unamwagikia nje, kifundo kinateguka.

Kwenye tambarare labda mtu anaweza kuishi na mguu huo asijue. Kwetu hakuna tambarare. Njia zetu ama zinapanda ama zinashuka, na zikinyesha ni sabuni.

Nikamtazama baba. Ni ajabu mtu kuishi na baba yake miaka kumi na tisa asimtazame miguu. Ndama zake zilikuwa nyembamba kuliko mikono ya mama. Tulikuwa tunamtambua usiku anaporudi kwa sauti ya hatua zake, kisigino hakitangulii kama cha watu wengine, unyayo mzima unapiga chini, pa, pa, pa, na mama anasema "mwekeeni maji baba yenu." Tulidhani ni namna yake ya kutembea, kama mtu alivyo na namna yake ya kukohoa. Vifungo vya shati vilikuwa vinamshinda tangu nikiwa mdogo. Alikuwa anavaa shati kwa kulitumbukiza kichwani likiwa limeshafungwa.

Lakini baba alikuwa na maelezo yake juu ya miguu ile, na maelezo hayo sisi watoto tuliyanyonya na maziwa. Alirogwa. Na aliyemroga ni mdogo wake wa tumbo moja, baba mdogo, ambaye nyumba yake tunaiona ng'ambo ya bonde, moshi wake tunauona asubuhi, na chakula chake hatuli.

Kisa chenyewe ni hiki. Babu alifariki mwaka 2004 akaacha kipande cha bondeni, chenye maji, kile ambacho mtu wa milimani anakiota. Wanaume wawili wakakigawana kwa mfereji, kisha wakagombania mfereji. Yakasemwa maneno ya kusemwa na yasiyosemwa. Mwaka uliofuata, siku moja ya mvua, baba alikuwa anapanda kutoka shambani, jembe likamponyoka, akageuka kuliokota. Ndipo alipoziona nyayo zake mwenyewe, zimemfuata toka mferejini. Zote hazikuwa na katikati.

Nani hugeuka nyuma kutazama nyayo zake? Alikuwa na miaka thelathini na tano na hajapata kuziona. Wakati huo miguu ilikuwa imeshaanza kumlegea, na kila mtu wa kwetu anajua kwamba adui akichukua udongo wa unyayo wako amekuchukua mwendo wako. Nyuma yake njiani, mbali kidogo, alikuwa anakuja mdogo wake. Mambo yakajijumlisha yenyewe. Alikwenda kwa mganga, na mganga akasema maneno yale ambayo hayakosei kamwe: ni mtu wa karibu, ni mtu wa damu. Ng'ombe mmoja akauzwa. Tangu hapo ndugu wale wawili hawakupeana mkono, msibani walikaa mikeka tofauti, na mie nilikua nikijua kwamba upande wa pili wa bonde anaishi mtu aliyekula nyayo za baba yangu.

Masika ya 2021 alifariki mzee mmoja wa ukoo. Tulikuwa tunapanda makaburini mmoja mmoja kwenye njia nyembamba, viatu tumevishika mikononi kwa ajili ya tope. Sikujua nani yuko mbele yangu, nilikuwa naangalia chini nisianguke. Nikaona unyayo. Duara la kisigino, nafasi tupu, ukanda wa mbele, kucha za kuku. Nikadhani ni wa baba. Nikainua macho, baba alikuwa nyuma kabisa, anakokotwa na kaka. Aliyekuwa mbele yangu, na fimbo yake, akitupa miguu pa, pa, alikuwa baba mdogo. Na pembeni yake, kamshika kanzu, mtoto wake wa mwisho, binti wa miaka sita hivi. Nyayo zake ndogo zilikuwa juu ya tope kama mihuri. Hazina katikati.

Nilisimama mpaka wa nyuma yangu wakanigomba. Katika vitabu vyote vya upelelezi nilivyosoma sikupata kuona mtuhumiwa mwenye jeraha lile lile la aliyedhulumiwa. Kama yeye ndiye aliyekula nyayo za baba, nani alikula zake? Baadaye mama mdogo aliniambia, kwa sauti ya chini, tukiwa kisimani: mumewe naye alikwisha kwenda kwa mganga zamani. Naye aliambiwa ni mtu wa damu. Miaka kumi na sita watu wawili wametazamana juu ya bonde, kila mmoja akiamini mwenzake ndiye kamkata miguu.

Kijijini wengine walisema baba mdogo aliugua polio. Hapana. Polio ya asili ilionekana nchini mwetu mara ya mwisho mwaka 1996, nayo hupiga kwa siku chache tu, aghalabu utotoni, na mara nyingi mguu mmoja zaidi ya mwingine. Hii ya kwetu inakuja pole pole, miguu yote miwili, kama maji yanayopanda.

Mwaka 2022 kifundo changu kiliteguka vibaya nikishuka na mzigo wa viazi, kikavimba nikashindwa kuvaa hata ndala. Nikaona basi, iwe kisingizio. Nilishuka Mombo, nikapanda basi la Moshi, nikaenda KCMC, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971 na ambayo kwetu ikitajwa watu huinamisha kichwa, maana anayepelekwa huko ama kapona ama kaletwa na gari. Nilikaa siku mbili kwa jamaa kabla sijamwona daktari.

Alikuwa daktari mwanamke, bado kijana. Nilidhani atatazama kifundo. Alikitazama, kisha akaniambia nitembee kwa visigino, vidole juu. Kitu cha kitoto kile. Sikuweza. Mbele ya mguu haikuinuka, nikawa naparamia hewa. Akanigonga magoti na nyuma ya kisigino kwa kinyundo cha mpira. Magoti yaliruka kidogo tu, kisigino kimya. Akagonga chuma chenye ncha mbili kikanguruma, akakiweka kwenye dole gumba, akauliza kama nasikia mtetemo. Nikamwuliza mtetemo gani. Akaniambia nisimame juu ya kipande cha ubao, kisigino na upande wa nje vikiwa juu yake, dole gumba likining'inia nje ya ubao. Akapita nyuma yangu, akachuchumaa, akafurahi. "Kisigino chako kinanyooka bado," alisema. "Hiyo ni bahati."

Kisha akauliza: "Baba yako vifungo anafunga?"

Msomaji, Bwana Msa mwenyewe angeshusha kiko.

Alichonieleza nitakisema kwa maneno yangu. Chukua nguzo ya antena. Inasimama wima kwa sababu waya za pande zote zinavutana sawa. Mguu nao unashikwa na misuli na kano za pande zote. Mishipa ya fahamu ndiyo inayoiambia misuli ivute, na katika ugonjwa huu mishipa hiyo inadhoofika kuanzia ile mirefu kuliko yote, inayotoka mgongoni mpaka vidole vya miguu. Misuli ya kuinua mbele ya mguu na ile ya kuuvuta nje inalegea mapema, wenzao wa upande mwingine bado wana nguvu, basi wanavuta peke yao, mwaka baada ya mwaka, na tao linapanda juu kama upinde uliokazwa kamba. Baadaye ni zamu ya mikono. Ndiyo vifungo.

Ugonjwa huo ulielezwa mwaka 1886 na Wafaransa wawili, Charcot na Marie, na Mwingereza mmoja, Tooth, na hadi leo unabeba majina yao matatu. Wala si wa Wasambaa, uko dunia nzima. Mwaka 1991 wataalamu waligundua chanzo cha aina yake iliyoenea zaidi: katika kromosomu ya 17 kipande kimoja kimeandikwa mara mbili. Hilo nililielewa upesi, mie ambaye nimewahi kunakili ukurasa mmoja mara mbili kwenye kauntabuku na kisa kizima kikapotea njia. Aina zake ni nyingi, na mimi sikupimwa hizo jeni. Daktari alijenga hoja yake kwa kinyundo, kwa ubao na kwa habari za ukoo. Alisema vilevile kwamba si kila mwenye mvungu mkubwa ni mgonjwa. Wako wengi waliozaliwa hivyo na wanakimbia mbio ndefu. Na kama ningekuja na mguu mmoja tu uliobadilika, mwingine mzima, angeutazama kwanza mgongo wangu, maana huko nako kunaweza kuwa na kitu kinachobana mishipa.

Kwa aina ya kwetu, mzazi mmoja akiwa nao, kila mtoto ni kama kurusha shilingi. Nina mchumba Mlalo. Nimemwambia. Alichonijibu ni chake na changu.

Dawa ya kuponya bado haipo. Hilo alilisema wazi, hakulizungusha. Lakini matibabu yapo, nayo ni ya kawaida kiasi cha kumkatisha tamaa mtu aliyezoea hirizi. Pale pale KCMC kuna chuo cha TATCOT ambacho tangu mwaka 1981 kinafundisha mafundi wa viungo bandia na vifaa vya kunyooshea miguu, na wanafunzi wake wanatoka nchi nyingi za Afrika. Fundi alichukua umbo la nyayo zangu, akanitengenezea soli za ndani. Ukizitazama hazina maajabu: zimeinuka upande wa nje kumzuia mtu asimwagike, zimejaa laini pale kwenye mvungu ili uzito upate pa kukaa, na chini ya shina la dole gumba zimechimbwa ili lizame. Nikaambiwa ninunue viatu vyenye kimo mbele, vidole vilivyokunjwa visisuguliwe. Nikafundishwa kusimama nikiegemea ukuta, mguu mmoja nyuma, kisigino chini, kuivuta kano ya nyuma isifupike. Kila jioni nitazame nyayo zangu, maana mguu usiosikia vizuri unaweza kukaa na msumari mchana kutwa. Na nisitembee pekupeku. Mtu wa kwetu, asitembee pekupeku bondeni! Wale ambao kisigino chao hakinyooki tena, na vifaa havitoshi, wanaweza kufanyiwa upasuaji: mfupa wa kisigino unakatwa ukasogezwa, kano inayovuta sana inahamishiwa upande uliolegea. "Ndiyo maana," alisema daktari, "watoto waletwe mapema. Kabla ukuta haujakauka."

Nikamfikiria yule binti. Njia nzima, Mwanga, Same, Mombo, nilikuwa namfikiria.

Nyumbani nilimkuta baba anachambua maharage. Nikamwambia nimejua tatizo.

"Ni nini?"

"Ni jeni, baba."

Akaweka ungo chini. "Si nilisema? Miaka yote nasema ni jini!"

Mama alicheka mpaka akatoka nje. Mie sikucheka, nilikuwa nimechoka na basi. Nilimweleza upya: kwamba ni kitu cha kurithi, kwamba huenda na babu alikuwa nacho, kwamba baba mdogo anacho, na mtoto wake. Alinisikiliza, akauliza: "Huyo daktari kakupa dawa?"

"Dawa ya kuponya hakuna."

"Basi afadhali mganga. Yeye alinipa."

Nikakosa la kusema, maana kwa hesabu yake alikuwa sahihi. Miaka kumi na saba unajua nani kakukosea. Anakuja mtoto na karatasi kukwambia hakuna aliyekukosea, na wala hutapona. Ni biashara gani hiyo?

Siku ya pili ilinyesha. Nikamwomba atoke mbele ya jiko akanyage. Akakanyaga, akisonya. Nikakanyaga pembeni yake. Tukachuchumaa wote wawili. Nikamwambia: baba, mtu akichota udongo katikati ya unyayo, anaacha nini? Akasema, shimo. Nikamwambia, tia kidole hapo. Akatia. Hapakuwa na shimo. Udongo wa katikati ulikuwa umeinuka kuliko pande zote mbili, una jani dogo la mparachichi ambalo mguu haukuligusa. Hakuna aliyechota kitu. Udongo ule haukuwahi kukanyagwa.

Alikaa pale muda mrefu. Akalitoa lile jani, akalitazama, akalirudisha. Kisha akaniambia nimshike mkono ainuke, akaingia ndani, na habari hiyo hatukuizungumza tena kwa zaidi ya mwaka. Soli nilizompelekea vipimo vyake hakuzivaa. Niliziona chini ya kitanda.

Yule binti alikuwa keshafika darasa la tatu na alikuwa anaanguka. Mama mdogo alinionyesha magoti yake. Alikuwa na chale mbichi kwenye vifundo vyote viwili. Nilikwenda kwa baba mdogo mara mbili. Mara zote alinipokea vizuri, "karibu mwanangu", akanipa kiti, na mara zote nilipotaja Moshi akasema kitu kinachotoka nyumba ile hakiingii katika damu ya mtoto wake. Sikumlaumu. Nilikulia upande wa pili wa maneno hayo hayo.

Aliyekata shauri ni mama mdogo. Desemba 2023, shule zimefungwa, alinitumia ujumbe: mtoto yuko tayari, mzee amenyamaza. Kunyamaza ndiyo ruhusa yetu. Usiku huo baba aliniita nje. Alinipa fedha zimekunjwa ndani ya gazeti, za viazi.

"Za nauli na hospitali. Usiseme zimetoka kwangu."

"Nitasema nini?"

"Wewe si mwandishi? Tunga."

Sikutunga. Asubuhi nilipokwenda kumchukua mtoto nilimwambia baba mdogo zimetoka kwa nani. Aliniangalia, akaangalia ng'ambo ya bonde, moshi wa jiko letu ulikuwa unatoka. Hakuzikataa. Akauliza: "Naye miguu inamsumbua sana siku hizi?" Nikasema sana. Akasema, "Hata mie, hasa kwenye baridi."

Basi lilisimama Soni kupakia. Ilikuwa msimu wa plamu, akina mama wamezipanga mezani kwenye visado, nyekundu na za njano. Mtoto alikuwa kimya tangu Lushoto.

"Kaka, wataniikata miguu?"

"Hapana. Watakwambia utembee kwa visigino."

"Hivyo tu?"

"Hivyo tu, kwanza."

Akashuka, akakusanya gauni kwa mikono miwili, akajaribu. Vidole havikuinuka. Akajaribu tena, uso umekunjamana, akawa anatikisika kama ndama. Nikaona anakaribia kulia. Nikamwambia ngoja, mie mwenyewe siwezi, angalia. Nikajaribu. Nikaserereka kwa nyuma, nikashika meza ya kwanza iliyokuwa karibu, sado likapinduka na plamu zikaanza kuteremka barabarani kuelekea Mombo. Tukazikimbilia sote wawili kwa mwendo wetu ule, pa, pa, pa, yeye anacheka sasa, anaokota anatia kwenye gauni.

"Nyie watu wa wapi nyie?" akapiga kelele mwenye meza.

Mtoto akanyanyuka na plamu zake, akataja kijiji chetu, kisha, kama mtu aliyeulizwa ukoo, akataja jina la babu.